Nyumba zilizojengwa kwa pembe zetu: Ivoryton, Zanzibar na Tongoni ya Kasongo

Huko Marekani, katika jimbo la Connecticut, kuna kijiji kinachoitwa Ivoryton. Maana ya jina hilo ni Mji wa Pembe. Ukipita katika barabara zake unaona nyumba za mbao zenye baraza mbele, paa zenye mteremko mkali na bustani ndogo. Zile kubwa zilikuwa za wenye kiwanda, zile ndogo zilizopangwa kwa mstari zilikuwa za wafanyakazi. Nyingi zilijengwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20. Leo kartiye hiyo imeandikwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria, na watu bado wanaishi humo, wanapika na kulea watoto humo.

Ndugu wasomaji wa Kasongo, Kabambare, Kindu na Uvira, mtatuuliza: hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu ya neno lile pembe. Kiwanda kilichozaa kijiji hicho, cha Comstock, Cheney na Wenzao, kilikata pembe za ndovu kuwa vipande vyembamba sana na kuvigandisha juu ya mbao, ili viwe vile vibao vyeupe vya piano ambavyo mpigaji hubonyeza kwa vidole. Kabla ya kubandikwa, vipande vilianikwa juani kwa muda mrefu ndani ya vibanda vya vioo mpaka viwe vyeupe kabisa. Jirani yao, katika mji mdogo wa Deep River, kulikuwa na kiwanda kingine cha namna hiyohiyo, cha Pratt, Read. Kati yao viwili vilitumia sehemu kubwa sana ya pembe zote zilizoingia Marekani. Na soko kubwa la pembe hizo lilikuwa Zanzibar.

Zanzibar haina ndovu. Pembe zilizouzwa pale zilitoka bara, na ndovu walipopungua karibu na pwani, misafara ilisogea mbele zaidi: Tabora, Ujiji, kuvuka ziwa Tanganyika hadi Mtowa, kisha Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Maniema ikawa chemchemi. Kila pembe iliyotoka huku ilibebwa begani, mwendo wa miezi mingi, na wengi wa waliobeba hawakuulizwa kama wanataka. Kiongozi wa msafara alipofika pwani aliuza pembe, na mara nyingi pamoja na pembe waliuzwa watu.

Kwa hiyo tunaweza kusema hivi. Katika miaka ileile, mali ileile ilijenga makao ya watu katika mahali patatu. Marekani ilijenga nyumba za mbao za Ivoryton. Zanzibar ilijenga nyumba za mawe za Mji Mkongwe. Na hapa kwetu ilijenga Kasongo ya zamani, ile ambayo wenyeji wanaiita Tongoni. Mawili ya kwanza yamehifadhiwa. La tatu limebaki kijiji na mashamba. Kwa nini?

Tuanze na jina, kwa maana watoto wetu wengi hulitamka bila kulifikiri. Katika Kiswahili cha zamani, tongo au matongo ni mahali palipokuwa na makao ya watu yakaachwa. Ni sawa na kusema mahame. Karibu na Tanga, katika Tanzania, kuna Tongoni nyingine, yenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Basi mji wetu haukuitwa Tongoni wakati ulipokuwa hai. Uliitwa Kasongo. Uliitwa Tongoni baada ya kufa, na mji wa leo, uliojengwa mahali pengine, ukachukua jina la marehemu.

Na marehemu hakuwa mdogo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikaa Kasongo kuanzia katikati ya miaka ya 1870. Ilikuwa karibu na mwaka uleule, 1875, ambao huko London walianza kujenga Bedford Park, kartiye ya nyumba za matofali mekundu na bustani ambayo wengi huitaja kama mfano wa kwanza wa kitongoji cha bustani katika Uingereza. Malkia Victoria alikuwa kwenye kiti chake tangu 1837 na angebaki hapo mpaka 1901. Waingereza wakitaja nyumba za enzi ya Victoria, maana yake ni nyumba za miaka hiyo. Kwetu sisi miaka hiyohiyo ni miaka ya Watambatamba, miaka ambayo babu za babu zetu walikimbia porini wakisikia bunduki.

Tippu Tip alipoondoka kwenda Zanzibar mwaka 1890, mwanawe Sefu alibaki. Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Bula Matari, wakiongozwa na Mbelgiji Dhanis, waliuteka mji. Kati yao alikuwamo daktari Mwingereza, Sidney Hinde, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya vita vile. Kitabu hicho ni cha mshindi, na inafaa kukisoma kwa tahadhari. Hata hivyo kinatupa habari za nyumba ambazo hatuzipati pengine. Anasema Kasongo ilikuwa mji mzuri kuliko Nyangwe. Anasimulia kwamba askari wa kawaida walilala juu ya magodoro ya hariri, katika vitanda vya mbao zilizochongwa vyenye vyandarua. Ghala zilikuwa na mchele, mahindi na kahawa. Palikuwa na michungwa, mipera, mikomamanga, minanasi na migomba. Chumba alichojichagulia yeye mwenyewe kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, yaani kama mita 24 kwa mita 4 na nusu, na mlango wake ulifunguka kwenye bustani ya michungwa.

Tusimame kidogo kwenye vipimo hivyo. Chumba kirefu na chembamba namna hiyo ni chumba cha pwani. Katika Zanzibar na Lamu, dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haina urefu mkubwa. Kwa hiyo upana wa chumba hukomea pale boriti inapokomea, na mwenye nyumba akitaka nafasi anaongeza urefu tu. Wangwana waliokuja Kasongo walikuja na umbo hilo la nyumba kichwani mwao. Lakini huku miti ni mirefu, na chumba kikapata upana ambao fundi wa Unguja hakuuzoea. Kwa maoni yetu, mita hizo nne na nusu zinaeleza Kasongo kuliko hariri yote ile: ni nyumba ya pwani iliyojengwa kwa miti ya Maniema, na kwa mikono ya watu wa Maniema.

Je, iliisha vipi? Vita viliharibu sehemu. Nyangwe, ambayo Hinde aliikadiria kuwa na watu wapatao 30,000, anasema aliporudi baadaye aliikuta imebaki nyumba moja kubwa yenye ngome, na kambi ya askari kuizunguka. Sefu aliuawa mwaka huohuo wa 1893. Rumaliza, aliyekuja na jeshi kutoka Ujiji, alishindwa mwanzoni mwa 1894 na kukimbilia upande wa Wadachi. Kisha kituo cha serikali kikahamishiwa penye mji wa leo, na watu wakafuata. Lakini kuna sababu nyingine iliyo rahisi zaidi, nayo ni udongo.

Nyumba za Ivoryton ni za mbao juu ya msingi wa mawe, katika nchi isiyo na mchwa kama wa kwetu. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Nyumba za Kasongo zilikuwa za udongo. Ukuta wa udongo si ukuta dhaifu. Ukiwa na paa nzuri na upenu mrefu, unaweza kuishi kuliko aliyeujenga. Lakini siku paa inapoondoka, mvua inaanza kazi. Msimu mmoja unalainisha kichwa cha ukuta, wa pili unaufungua nyufa, na baada ya miaka michache unabaki mgongo wa udongo ambao mgeni atadhani ni kichuguu. Kwa hiyo tukisikia watu wakisema babu zetu hawakujenga kitu, jibu ni kwamba walijenga, na kilichokosekana ni mtu wa kutunza paa. Karibu na Tabora, mahali paitwapo Kwihara, kuna tembe ya udongo ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Ilianguka kama nyingine, ikajengwa upya wakati wa ukoloni, nayo imefanywa makumbusho. Udongo unahifadhika kama kuna mwenye kuutunza.

Sasa tuangalie wale waliofaulu, maana kufaulu kwao si kama wengi wetu tunavyofikiri.

Kule Marekani, nyumba kuandikwa katika orodha ya taifa hakumkatazi mwenye nyumba kubadilisha dirisha lake. Faida yake ni heshima, msaada fulani wa kodi kwa majengo ya biashara yanayokarabatiwa, na kwamba mradi unaolipiwa au kuruhusiwa na serikali kuu ni lazima uchunguzwe kwanza kama utadhuru mahali pale. Amri kali, zile za kuomba ruhusa kabla ya kubomoa, hutoka kwa halmashauri ya mahali penyewe, pale wakazi walipokubali kujifunga. Bedford Park ya London iliokolewa kwa njia hiyo ya chini kwenda juu: katika miaka ya 1960 nyumba zilikuwa zikianza kubomolewa, wakazi wakaunda chama chao mwaka 1963, na miaka minne baadaye serikali ikaziweka nyumba zaidi ya 350 chini ya ulinzi wa sheria. Wakazi ndio waliotangulia, na sheria ikawafuata.

Mji Mkongwe wa Zanzibar una historia ngumu zaidi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 matajiri wengi walikimbia, na nyumba zao zikachukuliwa na serikali na kugawiwa familia za watu maskini. Jambo hilo lilikuwa na haki yake. Lakini familia sita katika nyumba iliyojengewa tajiri mmoja, zikilipa kodi ndogo, hakuna hata mmoja mwenye jukumu la paa. Nyumba zikaanza kuanguka. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza mji huo, na mwaka 2000 UNESCO ikaupokea kuwa urithi wa dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani la mwaka 1883, iliporomoka wakati likifanyiwa ukarabati, na watu wawili walifariki. Jina zuri katika orodha ya dunia halikuzuia ukuta kuanguka.

Mafundi wa huko wanafundisha jambo ambalo linafaa hata kwa nyumba zetu za misheni. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa unapumua. Maji yanaingia na kutoka. Ukiupaka saruji juu, unafanana na mtu aliyefungwa koti la plastiki: jasho halina pa kutokea, chumvi inakusanyika ndani, na ukuta unaoza nyuma ya uso mzuri. Tumeona katika parokia nyingi za mashariki nyumba za wamisionari wa kwanza, za matofali na udongo, zikipigwa saruji kwa nia njema. Baada ya miaka kumi lipu inabanduka pamoja na nusu ya tofali.

Katika mtaa wa Shangani, kule Zanzibar, nyumba ya Tippu Tip mwenyewe bado imesimama. Alifia mjini humo Juni 1905. Ina mlango uliochongwa kwa ustadi na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe, na kwa miaka mingi imekaliwa na familia kadhaa za watu wa kawaida. Watalii wanapiga picha mlango. Tukikumbuka kwamba mlango ule ulilipwa kwa pembe za Maniema, tunaona ajabu kidogo kwamba mtu wa Ulaya anaweza kuugusa kwa mkono wake, wakati mtoto wa Kasongo hajui hata nyumba ya pili ya mtu huyo, ile ya kwao, ilikuwa upande gani wa shamba.

Hapa kuna swali ambalo mara nyingi huulizwa katika makanisa yetu, nalo ni swali la haki. Kwa nini Mkristo ahangaikie nyumba za wafanya biashara ya watumwa? Si afadhali mihogo iote juu yake?

Tunalichukua swali hilo kwa uzito, kwa sababu kati yetu wamo wajukuu wa waliofungwa minyororo na wajukuu wa waliofunga, na mara nyingine mtu mmoja ana damu zote mbili. Tena majirani zetu Waislamu wa Kasongo si watu wa kunyoshewa kidole. Wengi wao ni wazao wa watu waliochukuliwa watumwa wakapokea dini ya mahali walipopelekwa. Mtu anayetaka Tongoni ihifadhiwe ili apate pa kulaumia jirani yake, afadhali aiache.

Lakini tazameni walivyofanya Mkunazini. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alifunga soko la watumwa la Zanzibar. Mwezi Desemba mwaka uleule, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa palepale penye soko. Aliyesimamia ujenzi, Askofu Edward Steere, ni mmoja wa waliotangulia kutafsiri Biblia katika Kiswahili cha Unguja, na amezikwa nyuma ya madhabahu. Hawakupafukia mahali pale wala kupageuza bustani ili pasahaulike. Karibu na kanisa bado unaweza kuingia katika vyumba vya chini vyenye dari ya kukuinamisha, ambavyo wageni huonyeshwa kuwa ndimo watu walimofungiwa.

Na kilichosukuma mapatano yale ya 1873 kilitoka kwetu. David Livingstone alikaa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, kwa miezi mingi kuanzia Julai 1870, akiwa na vidonda vya miguu visivyopona. Aliandika kwamba katika Maniema aliisoma Biblia nzima mara nne. Kisha akafika Nyangwe, na tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, aliona watu wa misafara wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza, mamia wakifa, wengi kwa kuzama katika Lualaba. Barua zake juu ya siku hiyo zilisomwa London na kuwakasirisha watu mpaka serikali yao ikamlazimisha Sultani. Kwa hiyo katika mstari mmoja kuna Kabambare, Nyangwe na Mkunazini. Mkunazini una kanisa na mwongozaji wa wageni. Katika Ubelgiji, mji wa Blankenberge una mnara wa kumbukumbu ya De Bruyne na Lippens, Wabelgiji wawili waliouawa Kasongo mwaka 1892. Akina mama wa soko la Nyangwe wamebaki na mto tu.

Basi Tongoni inaweza kuhifadhiwa namna gani, ikiwa hakuna ukuta wa kupaka chokaa? Watafiti wa mambo ya kale kutoka Kongo na Ubelgiji, wakiwa pamoja na Noémie Arazi, wamefanya kazi Kasongo-Tongoni na Nyangwe katika miaka ya karibuni. Walichimba kidogo na kusikiliza sana: waliwauliza wenyeji wanachokumbuka. Hiyo ndiyo njia ya mji wa udongo. Msingi wa nyumba bado upo chini ya jembe, na vitu vidogo vinasema kama mtu hakuvihamisha. Shanga moja mkononi mwa mchuuzi haisemi kitu. Shanga ileile ikikutwa juu ya sakafu ya chumba, karibu na jiko na kipande cha sahani ya ng'ambo, inaeleza nani alikaa pale, alikula nini, na alinunua kwa nani. Mti nao ni ushahidi. Michungwa na miembe haijipandi kwa mstari.

Sheria ipo. Ibara ya 46 ya Katiba yetu inasema dola inalinda urithi wa utamaduni wa taifa, na tangu tarehe 15 Machi 1971 tuna sheria namba 71-016 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni, inayotoa njia ya mahali kuorodheshwa na inayodai ruhusa kwa mwenye kutaka kuchimba vitu vya kale. Tunajua jinsi karatasi ya Kinshasa inavyochoka njiani kabla ya kufika Kasongo. Ndiyo maana mfano wa Bedford Park unatupendeza kuliko ule wa UNESCO: kwanza wakazi wenyewe, pamoja na machifu, maimamu na wachungaji, wanakubaliana ni mashamba gani yasichimbwe kwa kina, na miti gani isikatwe makaa. Baadaye wanaandika barua.

Hatari iliyo karibu si mkulima. Mihogo haiendi chini sana. Hatari ni yule anayetafuta hazina ya Warabu usiku, na wachimba dhahabu wanaozoea kugeuza ardhi bila kuuliza kilichokuwamo. Pia ni wakati. Wazee waliosikia habari za Kasongo ya zamani kutoka vinywani mwa watu walioiona mji ukiwa na bustani zake wamekwisha kwenda. Waliobaki ni waliosikia kwa waliosikia. Kijana wa kwaya mwenye simu anaweza kukaa na mzee mmoja kila Jumapili alasiri na kurekodi sauti: jina la kila kilima, la kila mti, nani alilima wapi. Asimkatize mzee kwa kumsahihisha tarehe.

Na mtoto akileta nyumbani shanga au kipande cha sahani kutoka shambani, msikitupe wala kukiuza. Andikeni siku hiyohiyo kimetoka shamba la nani, karibu na mti gani, na jembe lilikuwa limeshuka kiasi gani, kisha mkiweke pamoja na karatasi hiyo katika ofisi ya parokia.